Ukurasa Niliouchoma

Karatasi ya kitabu ikiungua hainuki kama gazeti. Gazeti hushika moto mara moja, likatoa moshi, likaisha. Karatasi ya kitabu, ile nyeupe nzito, hunuka gundi na kitu kichungu kinachokwama kooni. Juzi jirani yangu hapa mjini Wote alikuwa akiwasha jiko kwa vitabu vya mtoto wake aliyemaliza shule, na harufu hiyo ikaingia dukani kwangu, katikati ya magunia ya mbegu na dawa za mifugo. Nilikuwa nampimia mzee mmoja dawa ya kupe. Nikaacha kupima. Akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu tu.

Nilikulia upande wa Kanyangi, na shule yetu ilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu kuanzia darasa la tano hadi la nane. Aliitwa Mwalimu Kimanzi. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, shati limenyooshwa pasi hata zile wiki ambazo maji hayakuonekana, na Jumapili alisoma neno kanisani kwa sauti nzuri kuliko ya mchungaji. Jumatatu sauti ile ile ilitusomea hesabu kumi za kichwa kabla somo halijaanza. Kila uliyokosa ilikuwa kiboko kimoja cha kiganja. Nyinyi wa rika langu sina haja ya kuwaeleza. Tulikuwa tukitema mate mikononi na kuyasugua, tukiamini kiboko kitateleza, na hakuna siku kiliteleza, lakini tuliendelea kutema.

Dada yangu Mumbua alipita mikononi mwake kabla yangu. Alirudia darasa la sita, na katikati ya ule mwaka wa pili alifika nyumbani saa nne asubuhi, akavua sare, akaikunja vizuri, akaiweka kitandani. Hakusema kilichotokea. Mama alimuuliza siku tatu, siku ya nne akaacha. “Kichwa chake hakishiki hesabu,” aliwaambia majirani, na mwisho wa mwezi akampeleka Wote kwa shangazi yetu, aliyekuwa na hoteli ndogo karibu na soko, akasukume chapati na kubebea watu chai.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa peke yake na shamba, mbuzi wachache, na mimi. Siku moja tukingojea maji yajae kwenye kisima tulichochimba mchangani mtoni, aliniambia bila kuniangalia, “Mwende, mimi siwezi kusomesha mtu darasa moja mara mbili tena. Ukirudia, utamfuata dada yako.” Hakuwa mkali. Alisema kwa ile sauti aliyotumia akiamua mbuzi yupi atapelekwa mnadani, na ndiyo maana nilimwamini.

Likizo ya Aprili nikiwa darasa la sita, Mwalimu Kimanzi alienda Wote kwa wiki moja ya mafunzo ya walimu wa hesabu. Muhula ulipofunguliwa aliingia darasani na kitabu kikubwa kilichofunikwa kwa gazeti. Kiboko hakuwa nacho. Tulingoja atume mtu akilete kutoka ofisini. Hakutuma. Akaandika hesabu moja ubaoni, moja tu, akamwita Kavata, rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja. Kavata akatoa jibu, na jibu lilikuwa sahihi.

“Umepataje?” Mwalimu akauliza.

Katika shule yetu hakuna aliyewahi kuulizwa kuhusu jibu sahihi. Ukipata, uliketi. Ukiulizwa, maana yake kuna jambo limegunduliwa.

“Nisamehe, mwalimu,” alisema.

“Sijasema umekosa. Nimeuliza umepataje.”

Kavata akaanza kulia. Mwalimu Kimanzi alimtazama kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe, akamwambia aketi, kisha akafungua kile kitabu, akatoa penseli mfukoni, akaandika kitu pembeni mwa ukurasa.

Ikawa hivyo kila siku. Hesabu moja au mbili badala ya kumi. Umepataje. Wewe nawe umepataje. Halafu penseli. Watu wazima wakisikia haya hufikiri tulifurahi kwamba viboko vimeisha. Hatukufurahi. Kiboko tulikijua, kilianza na kikaisha, ukaenda kucheza. Hiki cha penseli hakikuwa na mwisho, na hatukujua kinatupeleka wapi. Ni Kavata aliyetupa maana yake, tukiwa nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko. “Serikali imekataza viboko,” alisema. “Sasa walimu wamepewa kitabu. Anaandika wale watakaorudia.”

Hakuna aliyemuuliza alijuaje. Ilionekana wazi kabisa.

Zamu yangu ilifika wiki iliyofuata. Ubaoni palikuwa na nusu, kujumlisha theluthi. Nikatembea mbele, nikachukua chaki, nikajumlisha vya juu, moja na moja, mbili. Nikajumlisha vya chini, mbili na tatu, tano. Nikaandika mbili juu ya tano, nikapiga mstari chini yake kwa usafi.

Mwalimu Kimanzi alilitazama jibu lile muda mrefu. “Umepataje, Mwende?”

“Nimejumlisha juu, nikajumlisha chini.”

“Kwa nini ulifanya hivyo?”

Nilifanya hivyo kwa sababu alama ya kujumlisha ilikuwepo. “Keti,” alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha. Nikiwa narudi kwenye dawati nilisikia kurasa zikifunguliwa. Niligeuka kidogo, nikaona penseli ikiandika M.

Siku zilizofuata sikuweza kumeza chakula. Mama alidhani nina minyoo, akanipa dawa chungu ya miti. Nilikunywa yote bila kulalamika, na hilo nalo likamtia wasiwasi.

Alhamisi moja, saa ya michezo, nilirudi darasani kuchukua sweta. Kitabu kilikuwa juu ya meza. Uwanjani nilisikia filimbi ya Mwalimu na wavulana wakigombania mpira. Nilikifungua. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu kilitosha nusu ya kila sentensi. Kilikuwa kitabu cha kufundisha walimu, hilo niliweza kuona, kila ukurasa ulisema mwalimu afanye hivi, mwalimu asifanye vile. Pembeni palikuwa na majina yetu kwa penseli. Nikafunua nikitafuta langu.

Nilipolipata, nilisahau hata kusikiliza filimbi. Si kwa sababu ya jina. Katikati ya ukurasa, kwa maandishi ya mashine, ilikuwepo hesabu yangu. Nusu, theluthi, na jibu langu, mbili juu ya tano. Si hesabu inayofanana nayo. Ile ile. Neno la Kiingereza la “kosa” lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Kando yake, Mwende, halafu majina mengine matatu, la mwisho Kavata likiwa na alama ya kuuliza.

Sasa najua kwamba watoto wa kila mahali hukosea hesabu ile kwa njia ile ile. Wakati ule nilielewa jambo moja tu: kosa langu lilikuwa limefika mahali vitabu vinapochapishwa, likachapishwa, likarudishwa Kanyangi kunitafuta. Nilishika ukurasa karibu na mshono, nikauvuta. Ulitoka na sauti ndefu. Nikauingiza chini ya sketi, nikafunga kitabu, nikatoka bila sweta.

Nyumbani mama alikuwa ametoka kuwafuata mbuzi. Chungu cha isyo, mahindi na mbaazi, kilikuwa juu ya mafiga, nikausukuma ukurasa katikati ya kuni. Haukushika mara moja. Ulijikunja, ukawa wa kahawia, na kwa muda niliweza kusoma jina langu kwenye kile kipande kilichobaki. Kisha harufu ile ikajaa jikoni.

“Unachoma nini?” Mama alikuwa mlangoni.

“Karatasi.”

“Karatasi gani inanuka hivyo?”

“Ya shule. Ilichanika.”

Alisimama pale akinitazama, akachukua kijiti akachokoa jivu. Hapakuwa na kitu cha kuona. “Koroga chakula,” alisema.

Asubuhi yake Mwalimu Kimanzi alifungua kitabu mbele ya darasa, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Nilimwona akipitisha kidole polepole kwenye ukingo uliochanika. “Nani alitoa ukurasa hapa?” aliuliza. Hakupaza sauti. Mimi niliangalia msumari wa dawati. Labda angeliacha hapo, sijui, lakini mwalimu mkuu alikuwa anapita kwenye baraza, akasikia, akaingia na kiboko chake kwapani.

“Hicho kitabu si cha shule,” mwalimu mkuu alisema. “Kimeazimwa Wote. Nani hukibeba kupeleka ofisini?”

Darasa zima likamgeukia Kavata, kwa sababu Kavata ndiye aliyekuwa monita na ndiye aliyebeba vitabu vya walimu. Akaitwa mbele. Akasema hajui. Akaambiwa anyooshe mkono.

“Naomba uniachie darasa langu,” Mwalimu Kimanzi alisema.

“Darasa lako limekushinda tangu ulete hizi habari za kuuliza-uliza,” mwalimu mkuu akamjibu, mbele yetu, jambo ambalo walimu hawakufanyiana. “Wazazi wameanza kuniuliza kama bado unafundisha.” Akampiga Kavata kiboko cha kwanza.

Sitajipamba. Nilisimama baada ya kiboko cha tatu, si kabla. Cha kwanza niliuambia moyo wangu kwamba kitaisha hapo. Cha pili Kavata aliufinya mkono chini ya kwapa, akaunyoosha tena mwenyewe bila kuambiwa. Cha tatu alinitazama. Sidhani alijua kwamba ni mimi. Alitazama tu upande ambao rafiki yake alikaa.

“Ni mimi,” nilisema.

Mwalimu mkuu akanigeukia. Kabla hajafika, Mwalimu Kimanzi alipita kati ya madawati, akasimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba niliona tu mgongo wa shati lake. “Huyu nitaongea naye mwenyewe,” alisema.

Walitazamana. Mwalimu mkuu akaweka kiboko juu ya meza. “Basi ongea naye,” alisema, akatoka. Kiboko kilibaki pale, na macho arobaini na zaidi yakakitazama.

“Tokeni nje wote,” Mwalimu alisema. “Kavata, nenda ukanywe maji. Mwende abaki.”

Walipotoka alikaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakapanda juu kama ya panzi. “Ukurasa uko wapi?”

“Nimeuchoma.”

Alifumba macho, akafumbua. “Kwa nini?”

“Jina langu lilikuwa na wale wa kurudia.”

“Wa kurudia nini?”

“Darasa. Wale unaowaandika.”

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze kila kitu, penseli, serikali, nyuma ya vyoo, mama kisimani. Niliongea nikiangalia kiboko mezani. Nilipomaliza nikainua macho, nikaona uso wake umebadilika, umekuwa wa mtu mgonjwa.

“Mnafikiri hivyo nyote?”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Tangu mwezi wa tano?”

“Ndiyo.”

Alijipangusa uso kwa kiganja. Kisha akaniambia ukurasa ule ulisema nini. Ulisema mtoto akiandika mbili juu ya tano si mjinga wala si mvivu; amechukua njia aliyofundishwa ya namba nzima, akaipeleka mahali isipofika. Ulisema mwalimu asiikate kwa kalamu nyekundu, amuulize mtoto alivyofikiri, kwa sababu mtoto hakosi bila sababu. Majina aliyaandika ili akumbuke ni nani awarudie, awaeleze tena. Na Kavata? Kavata alikuwa amepata, lakini Mwalimu hakujua kama alielewa au alikariri, ndiyo maana akaweka alama ya kuuliza.

“Nyumbani mnatekea maji kwa chombo gani?” aliniuliza ghafla.

“Mtungi. Ule wa lita ishirini.”

“Ukiwa nusu, ni lita ngapi?”

“Kumi.”

“Nikikuongezea maji, hata kidogo, zitakuwa ngapi?”

“Zaidi ya kumi.”

“Sasa chukua mtungi huo huo, ugawanye lita zake sehemu tano sawasawa, halafu nipe sehemu mbili.”

Nilihesabu kwa vidole chini ya dawati. Nne, na nne. “Nane.”

Alinyamaza kwa makusudi, na kwa mara ya kwanza ukimya wake haukunitisha, kwa sababu nilikuwa nimeshaona. Kwa jibu langu la mbili juu ya tano, nilikuwa na lita kumi, nikaongezewa, zikawa nane. Hakuna mtu aliyewahi kutoka mtoni namna hiyo.

“Maji yamepungua,” nilisema.

“Yamepungua,” alisema. “Sasa tunajua pa kuanzia.” Akainuka, akachukua kiboko, akakiweka juu ya kabati. Mlangoni akageuka. “Kesho Jumamosi nitakuja kwenu.”

Kavata nilimwomba msamaha siku ile ile. Alisema sawa. Jumatatu alihamia dawati la mbele, na hadi tulipomaliza darasa la nane hatukukaa tena pamoja.

Jumamosi ilikuwa ya kupura mbaazi, na Mumbua alikuwa amekuja kutoka Wote kutusaidia. Nilimweleza yote tukiwa uani na fimbo mikononi. Niliposikia sauti ya fimbo yake imekoma nikatazama. “Anakuja hapa?” aliuliza.

“Leo.”

Alikaa chini juu ya maganda. “Mwezi wa nne alikuja hotelini na walimu wengine,” alisema. “Nilikuwa na sinia ya chai. Nikaiweka kwenye meza ya watu sijui gani, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikakaa nyuma kwenye makaa mpaka shangazi akaja kunigombeza.”

“Alikuona?”

“Aliniona. Aliita jina langu.”

Mwalimu Kimanzi alifika saa nane, kwa miguu, shati limenyooshwa. Mumbua alikuwa ameshaingia nyuma ya ghala. Mama akapangusa kigoda kwa leso, akamkaribisha, akaniambia niweke chai. Nilingoja aseme neno ukurasa. Hakulisema.

“Mama Mumbua,” alianza, “Mwende hatarudia darasa. Nimetaka ulijue hilo kwanza.”

“Asante, mwalimu. Na la pili?”

“La pili si la Mwende. Nimesikia Mumbua amekuja.”

Mama aliita mara mbili. Mumbua alitoka nyuma ya ghala na fimbo ya kupuria mkononi, akasimama mbali, kwenye ukingo wa rundo la mbaazi. Alikuwa na miaka kumi na saba wakati ule na alikuwa mrefu kuliko Mwalimu.

“Kule Wote ulinikimbia,” Mwalimu Kimanzi alisema.

Mumbua aliangalia fimbo yake.

“Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kukumbuka ilikuwa hesabu gani. Siku uliyoacha shule. Nakumbuka nilikuchapa. Hesabu siikumbuki.”

“Mimi naikumbuka,” Mumbua alisema.

Aliweka fimbo chini. Akapiga magoti, akasukuma maganda kwa mkono mpaka udongo ukaonekana, akaandika kwa kidole: mia moja hamsini na sita, kugawa kwa kumi na mbili. “Uliiandika ubaoni. Niliandika kumi na tatu kwenye kitabu, bila kuonyesha kazi. Ukasema mtu wa mwisho darasani hawezi kupata kumi na tatu. Ukasema nimeiba kwa jirani.”

“Nilisema hivyo,” alikubali.

“Sikuiba. Kumi na mbili mara kumi ni mia moja na ishirini. Inabaki thelathini na sita. Kumi na mbili mara tatu ni thelathini na sita.” Kila namba aliiandika chini ya nyingine, bila haraka. “Kumi na tatu. Sikujua kuiandika kama wewe. Nilijua kuifanya.”

Mwalimu Kimanzi alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Alichuchumaa mbele ya namba zile, shati lile safi, akazisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

“Ni sawa,” alisema.

“Ilikuwa sawa hata siku ile?”

“Hata siku ile.” Aliongea na udongo. “Nilikuchapa kwa jibu sahihi, Mumbua.”

Dada yangu alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeambiwa habari aliyokwisha kuipata zamani. Mama ndiye aliyekuwa ameganda. Mama hakusoma hata darasa moja, na alikuwa akizitazama namba zile kwa bidii, akitafuta ndani yake kitu ambacho sisi wote tulikuwa tumekiona.

“Na wewe hukuniambia,” alimwambia Mumbua. “Siku tatu nilikuuliza.”

“Ungeniamini, mama?”

Mama alifungua mdomo. Kuku walikuja kutoka upande wa jikoni, wakaanza kudonoa mbaazi zilizotawanyika juu ya ile hesabu, na sisi wanne tulikaa pale tukiwatazama, hakuna aliyewafukuza.